Mama Mkwe wa Simuni

4 Machi

Mdogo wangu kipenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima, ukiondoa magoti, na magoti yenyewe unayajua, hayahitaji kuulizwa hali. Baba watoto hajambo, anakohoa kidogo kwa ubishi wa kutovaa sweta. Wewe na shemeji yangu mko salama? Na huyo mtoto wetu, meno yameota? Nawaombea kila baada ya swala.

Usiniulize kwa nini naandika barua wakati simu ninayo. Ukinipigia, wewe unaongea na mimi naitikia, na nikifungua tu mdomo wateja wa duka lenu la dawa wanakuita. Kwenye karatasi hunikatizi.

Hospitali nilienda. Daktari wa mifupa ni kijana, mpole, ananiita mama. Alizitazama picha akasema goti la kulia limekwisha, linataka kubadilishwa. Nikamwambia sawa, mwanangu, nipangie siku. Akanitazama, akasema, "Mama, kwa uzito huu mtu wa dawa ya usingizi hatakubali. Punguza kilo kumi, urudi mwisho wa mwezi wa saba. Ukipunguza, tunakuingiza mwaka huu. Usipopunguza, nafasi anapewa mwingine, na wewe utasubiri." Alisema kama mtu anayeniagiza nyanya sokoni.

Wewe unajua ninachokitaka mimi. Si kutembea. Kutembea nachechemea, nafika. Ninachotaka ni kusujudu. Huu ni mwaka wa pili nasali kwenye kiti. Msikitini viti vyetu, sisi wenye magoti, vimepangwa mwisho wa safu ya wanawake, na wenzangu wakienda chini mimi nainamisha kichwa hewani kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Ustadhi ametuambia swala zetu ni sahihi, na mimi namwamini. Lakini paji la uso wangu limeisahau ardhi, na hilo linaniuma kuliko goti.

Sasa hiyo programu ya kupunguza mwili uliyoniwekea simuni ulipokuja likizo. Nimejitahidi. Siku ya kwanza iliniuliza, "Umepika nini leo?" Nikajibu kweli tupu: mchele gunia moja, maharage madebe mawili, mafuta, vitunguu. Si ndivyo nilivyopika shuleni? Kioo kikawa chekundu chote. Ikaniambia nimevuka kiwango cha siku, ikanishauri nitembee. Kwa mwendo iliotaka nitembee, ningefika kwako kwa miguu. Wenzangu jikoni walicheka mpaka uji ukashika chini.

Nimeipa jina Mama Mkwe, kwa sababu inahesabu matonge yangu.

Nielekeze vizuri, na useme polepole. Mimi shule yangu unaijua iliishia wapi.

Dada yako,
mpishi wa watoto wa watu


17 Machi

Dada yangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullah. Sisi wazima. Shemeji yako yuko zamu za usiku, tunaonana mlangoni kama walinzi wanaopokezana. Mtoto ana meno manne, na anauma. Shemeji yangu mwambie avae sweta, nimesema mimi.

Hilo gunia la mchele nililiona. Ile programu nimeiunganisha na simu yangu, kila unachoandika huko nakiona hapohapo huku. Nilikuwa namhudumia mzee wa watu, nikafungua simu, nikaangua kicheko mpaka mzee akachukua dawa zake akaondoka bila kuaga. Lakini ajabu yake ndiyo hiyo: najua umekunywa nini asubuhi kabla sijajua kama umeamka salama.

Nisikilize. Mama Mkwe hajali umewapikia nini wanafunzi. Anataka sahani yako. Kilichopo kwenye sahani yako, na kikombe chako, basi. Wali pima kwa ngumi. Mafuta pima kwa kijiko cha chai. Andika kabla hujala, maana ukishakula utajihurumia. Kila Ijumaa mwombe nesi wa shule akupime.

Na usinitanie kwenye hili, dada. Mama alianza hivihivi. Kwanza kiti, kisha fimbo, kisha kitanda, na pale kitandani hakushuka tena kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyepigiwa simu nikiwa mbali. Sitaki kupigiwa nyingine.

Mdogo wako,
mwenye kelele


9 Aprili

Mdogo wangu,

Salaam nyingi kama kawaida, na juu yake dua. Hatujambo. Kikohozi cha shemeji yako kimekwisha, sasa analalamikia jino. Namshukuru Mola hata kwa malalamiko yake, maana anayelalamika yu hai.

Nimefanya kama ulivyosema. Sahani yangu naijua kuliko sura yangu. Asubuhi uji kikombe kimoja bila sukari, ni kama kunywa maji ya kufulia. Mchana maharage na kabichi, wali ngumi moja, tena ngumi ya kukunja kweli. Usiku pungufu ya hapo. Naandika mpaka chakula kinapoa. Baba watoto ananitazama anasema, "Kumbe nimeoa wawili, na huyu wa pili ndiye anayeulizwa kwanza."

Njaa ninayo. Si njaa ya kufunga. Njaa ya kufunga ina heshima yake, unajua unafunga kwa ajili ya nani. Hii ni njaa ya kugombana na watu. Juzi nilimfokea muuza mkaa kwa sababu tu alikuwa anatafuna.

Na kufunga kwenyewe Mama Mkwe hakujui. Jumatatu na Alhamisi nafunga kama ilivyo desturi yangu, na mchana inalia, "Umesahau mlo wako, rafiki." Urafiki umeanza lini? Ijumaa iliyopita nilisahau kuinyamazisha. Imamu kamaliza Fatiha, kimya kimetanda, mkoba wangu ukaanza kuimba, halafu sauti ya mwanamke ikasema, "Ni wakati wa kitafunwa." Safu nzima mbele yangu mabega yalikuwa yanatikisika. Baada ya swala mke wa imamu akaniuliza kama nimekuja nacho cha kutosha wote.

Haya yote ningeyavumilia kama mizani ingekuwa na shukurani. Wiki ya kwanza ilishuka kilo moja na kitu, nikampigia kila mtu. Tangu hapo imekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Nesi ameitikisa, ameihamishia kwenye sakafu iliyonyooka, mimi nimevua mpaka bangili. Palepale.

Niambie ninakosea wapi. Silali vizuri.

Dada yako,
mwenye ngumi ndogo ya wali


24 Aprili

Dada,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, nyote huko natumaini wazima. Nakuandikia nina hasira, naomba usome mpaka mwisho.

Nimekaa nikajumlisha ulichoandika tangu mwezi wa tatu. Mtu anayekula hivyo, kwa mwili wako na kazi yako ya kusimama kutwa, suruali za watoto wake zingekuwa zinamtosha. Haiwezekani. Nikadhani labda mimi ndiye sijui, nikamwonyesha mfamasia, bosi wangu. Akacheka. Akasema kila anayefika kwenye kaunta yetu anasema hali kitu, lakini vifungo vinakatika. Akasema, "Mwambie dada yako aandike na kile anachokula akiwa amesimama."

Mimi ni mdogo wako, najua mipaka yangu. Wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye uliyenisuka nywele nikalia. Lakini lazima mtu akuambie. Unanidanganya, dada, na hilo goti halidanganyiki. Mwezi wa saba unakuja. Kama unakula kwa kujificha, kula, lakini niandikie mimi nijue. Nikijua nitasaidia. Nikidanganywa nakaa hapa natazama simu kama mjinga.

Nasema kwa kuwa naogopa.

Mdogo wako


6 Mei

Kwako mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Mimi mzima. Shemeji yako mzima. Nyumba nzima.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Umeniita mwongo. Na kabla ya kuniita, ulinichukua ukanipeleka kaunta, kwa mtu nisiyemjua, mkanicheka wawili. Kama ningetaka kula kwa kujificha, funguo za stoo ya shule zinalala kwangu, nani angejua? Sahani yangu naila mbele ya mume wangu. Yeye shahidi, na Mwenyezi Mungu shahidi. Nimeandika cha sahanini mpaka punje, kwa sababu wewe ndivyo ulivyoniagiza.

Nimekwenda kwa fundi simu, ameukata huo uzi wako wa kunitazamia. Usihangaike kufungua, hutaona kitu. Magoti ni yangu.

Mbusu mtoto.

Dada yako


21 Mei

Dada,

Assalaam alaykum. Salamu zako nimezihesabu, zilikuwa fupi kuliko za telegramu ya posta.

Kweli sioni kitu. Jina lako lipo, chini yake peupe. Asubuhi nafungua kwa mazoea, natafuta ule uji wako wa maji ya kufulia, haupo.

Nisamehe kwa neno lile. Kwa kukuanika mbele ya bosi nisamehe mara mbili. Lakini niambie tu kama nesi anaendelea kukupima. Neno moja linatosha, hata bila salamu.

Mdogo wako


12 Juni

Dada yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujanijibu, na sikulaumu. Nimempigia shemeji, kaniambia, "Yupo, anapika, ukitaka jingine muulize mwenyewe." Huyo naye umemfundisha.

Nataka nikueleze kitu kilichonitokea. Nimejiwekea Mama Mkwe mimi mwenyewe. Tangu nijifungue tumbo halijarudi, nikasema ngoja nimwonyeshe dada jinsi mtu mkweli anavyoandika. Wiki nzima nimeandika kwa uaminifu wote. Uzito ukapanda.

Nikakasirika, nikataka kuitupa simu. Shemeji yako alikuwa mezani anamlisha mtoto. Mtoto akasukuma sahani, mimi nikachukua mabaki nikatia mdomoni nikaenda kuosha sahani. Shemeji yako akaniuliza, "Hiyo umeiandika?" Nikamwambia, "Hiyo si yangu, ni ya mtoto." Kumbe ndivyo ninavyofanya asubuhi, mchana na jioni. Kila anachobakisha yule mtoto mimi ndiye jalala lake, na haki ya Mungu, dada, sijawahi kuhesabu kwamba nimekula. Sikudanganya. Mikono ilikuwa inasafisha meza.

Nilikaa nikakufikiria wewe. Sijui unachosafisha huko. Najua tu kwamba nilikuita mwongo, na neno si hilo.

Mdogo wako,
jalala


27 Juni

Mdogo wangu kipenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hatujambo sote, alhamdulillahi, jino la shemeji yako limeng'olewa na heshima yake imerudi. Wewe hujambo? Na jalala lako hilo limefungwa?

Barua yako ilinikuta bado nina kinyongo, nisikufiche. Nilikuwa naitafuta dhambi yako ndani yake nikaikosa. Nikaiweka kwenye aproni. Ilikuwa Alhamisi, nimefunga. Nikaenda kwenye masufuria kama siku zote, nachota mchuzi, naugusisha kwenye ulimi, natema kwenye beseni, nasukutua. Unajua ustadhi alivyotufundisha: mpishi aliyefunga akionja kwa ncha ya ulimi akatema, saumu yake ipo. Nimefundishwa hivyo nikiwa msichana wa kuosha masufuria, na nimeishi hivyo. Kuonja ni kazi. Kula ni pale unapokaa na sahani yako.

Sasa yule msaidizi wangu tunayemwita Kamba, maana ni mwembamba mpaka aproni inamzunguka mara mbili, akanitania. "Dada mkubwa leo umefunga kweli. Siku nyingine kijiko kikiingia hakitoki hivihivi."

Nikamuuliza, "Hakitoki vipi?"

Akasema, "Si unameza? Tena ukisema chumvi imekaa, unarudia kuhakikisha."

Mdogo wangu, nilisimama pale na kijiko mkononi kama niliyepigwa picha.

Siku iliyofuata sikufunga. Nikachukua bakuli tupu nikaliweka kando ya jiko. Kila nilipoonja nikachota kiasi kilekile nikakitia bakulini. Uji wa asubuhi, nione kama umeiva. Maharage, yakiwa magumu, yakilainika, yakitiwa nazi. Wali, chini na juu. Kamba anamwambia mwenzake, "Msiguse hilo, dada mkubwa anajitega." Kabla ya adhuhuri bakuli lilijaa. Nikaleta la pili. La pili nalo likakaribia kujaa, na bado nilikuwa sijakaa na sahani yangu.

Kila siku ya Mungu nilikuwa nakula milo miwili kwa kijiko nikiwa nimesimama, halafu nakwenda kumwandikia Mama Mkwe ngumi moja ya wali.

Sikusema uongo, na wewe hesabu yako haikukosea. Ulinidhania vibaya, basi, na mimi nikakuzira wiki zote hizi. Tusameheane. Fundi ameurudisha uzi, fungua uone.

Lakini sasa nimekasirika upya. Nimejaribu kumwandikia Mama Mkwe "kuonja". Inajibu hakuna chakula chenye jina hilo. Nikaandika "mchuzi, kijiko". Ikauliza vijiko vingapi. Vingapi? Nani anahesabu? Na mwezi umebaki mmoja, na nimeshusha kilo tatu tu katika kumi. Nimepoteza wiki ngapi nikinywa uji mbaya bure.

Nimemkabidhi Kamba kijiko.

Dada yako,
mwenye mabakuli mawili


8 Julai

Dada yangu mpenzi,

Waalaykum salaam, na kila aina ya salamu ninayoijua. Nimefungua simu nikaukuta uji, nikalia mbele ya mteja. Safari hii hakukimbia, alininunulia maji.

Mimi ndiye niliyekuambia uandike cha sahanini. Sikufikiri kwamba kuna mtu sahani yake ni masufuria ya shule nzima. Nimemwambia bosi wangu kwamba dada yangu si mwongo, ni fundi. Hakucheka tena, nimefurahi.

Usile tena kwa kijiko. Ukibana sasa, tunaweza kukaribia. Sisemi tutafika, nasema tukaribie, daktari akuone unakuja. Goti likiuma usijilazimishe ngazi.

Jalala limefungwa. Mtoto sasa anatupa mwenyewe, sakafuni.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Wazima. Niombee subira, iliyokuwepo imekwisha.

Kamba na kijiko: ulimi wake umelelewa baharini, sijui. Siku ya kwanza maharage yalikuwa na chumvi mpaka mwalimu wa zamu akanywa jagi zima la maji akiwa amesimama. Nikamwelekeza. Siku ya pili hayakuwa na chumvi kabisa, kwa woga. Siku ya tatu wanafunzi walirudisha sahani zikiwa zimejaa, zimepangwa mstari mrefu mpaka mlangoni, kimya kimya, kama wamefiwa. Watoto hao nimewapikia muda wote bila sahani kurudi. Nilitamani kujificha stoo.

Nikarudi kwenye kijiko, lakini kwa kutema, kama siku za saumu. Kila siku, beseni kando, naonja, natema, nasukutua. Mizani ikaanza kusikia. Nikasema alhamdulillahi, njia ndiyo hii.

Jumanne akaja bwana afya kukagua jiko. Kafungua mlango mimi ndiyo natema. Hakuuliza saumu wala goti. Ameandika kwamba mpishi mkuu anatema mate jikoni. Matroni kaniita ofisini, mama wa watu kaona aibu kuliko mimi. "Mama mpishi, kumbe ndiyo yanayofanyika huko?" Nikamweleza kuanzia daktari mpaka bakuli. Akasikiliza yote, akasema, "Naelewa, lakini karatasi ya bwana afya haielewi."

Kwa hiyo nikimeza, goti. Nikitema, kazi. Nikimpa Kamba, watoto wanalala njaa. Unione nilivyokuwa nimekaa kwenye kile kiti cha ofisi, nimekosa hata dua ya kusoma.

Nikamwomba matroni anihamishe. Niwe napokea vyakula na kugawa milo dirishani, na jikoni aletwe mpishi wa shule ya jirani aliyestaafu, mpaka Kamba ulimi wake ukomae. Amekubali. Jumatatu nilivua aproni, nikakaa dirishani na upawa. Harufu inatoka huko ndani, najua kabisa kitunguu kimeachwa kidogo, na siwezi kuingia. Muda wote ule nilidhani mimi ndiye mpishi. Kumbe mpishi ni ulimi, mimi nilikuwa namtembeza tu.

Nimekasirika na kila mtu, wewe peke yako umepona. Wiki ijayo naenda kwa daktari.

Dada yako,
wa dirishani


4 Agosti

Mdogo wangu, ua langu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yangu ni njema, ya shemeji yako njema, na nyie Mola awaweke. Barua hii ni ndefu kidogo, mweke mtoto alale kwanza.

Kwa daktari nilienda. Nilivaa gauni jepesi kuliko yote niliyonayo, na viatu nikavivulia mlangoni. Nimeshuka kilo saba. Saba, mdogo wangu, na nyingi zake ni za mwezi wa saba. Yule kijana alifurahi kweli, akaita na nesi aje aone. Kisha akakaa, akakunja mikono, nikajua. "Mama, bado tatu. Ningekuwa na uwezo ningefumba macho, lakini si mimi ninayekulaza usingizi." Nafasi amepewa mama mmoja aliyekuwa amekaa na mimi kwenye benchi, mwembamba, anajipepea na kadi yake. Akanishika mkono akasema, "Niombee." Nikampa hongera kwa mdomo. Moyo ulichelewa kufika.

Mimi nirudi mwezi wa kwanza. Nilipotoka nje Mama Mkwe akaniletea nyota nyota kioo kizima, "Hongera, rafiki, unaendelea vizuri." Nilitamani kumkalia. Lakini usiku nikamwandikia nilichokula, cha sahanini na cha nje ya sahani. Nitaendelea. Usianze kunisomesha, nimeshasema nitaendelea.

Ijumaa nikaenda msikitini nimebeba hasira hivyo hivyo. Nikakaa kwenye kiti changu, pembeni ya safu. Nikajiambia, mwaka mwingine wa kutafuta sindano hewani. Rakaa ya kwanza nikainamisha kichwa kama kawaida. Ya pili, ya mwisho, imamu alipokwenda kwenye sijida ya mwisho, wanawake wote wakashuka, na mimi nikajikuta nimeshuka kutoka kwenye kiti. Sikupanga. Mkono mmoja kwenye kiti, mwingine chini, goti likalia kama mlango wa ghala, na mwili ambao mwezi wa tatu nisingeweza kuukunja ukakunjika. Paji la uso likagusa zulia.

Nisikudanganye, goti limevimba siku mbili, baba watoto ameniwekea barafu huku akinifokea. Daktari nikimwambia naye atafoka. Nakuandikia wewe kwanza ili uanze wewe.

Imamu akasema Allahu Akbar, safu ikakaa. Mimi sikuweza kuinuka. Nilijaribu, goti likakataa, nikabaki palepale chini, paji la uso zuliani. Nikasikia salamu ya kulia, nikasikia salamu ya kushoto, watu wakaanza kukunja miswala, na mimi bado. Ndipo mke wa imamu akaniona. Akaja na wenzake watatu, wakanishika makwapani waninyanyue.

Kusema siwezi, nimo ndani ya swala. Nikainua kidole kimoja: ngojeni.

Wakangoja.

Dada yako wa tumbo moja